Sarafu yenye rangi ya ajabu: ni kosa la kiwanda, ao ni udongo, asidi na merkiri?

Mutu anachimba musingi wa nyumba, ao analima shamba la muhogo, na jembe linagonga kitu. Anainua: ni feza ya chuma ya zamani, yenye picha ya tembo. Anajua sarafu ile, juu babu yake alikuwa nazo ndani ya kopo. Lakini zile za babu zilikuwa za njano. Hii ni nyekundu kama waya wa umeme. Jioni jirani mumoja anaiona, anamuambia: “Yaya, hii iko mali. Kiwanda kilikosea. Wazungu wanalipa dola maelfu juu ya hii.” Kesho yake mutu mwengine anakuja, anasema anajua munkunuzi, ila kwanza inabidi kutoa dola 50 za kuipimisha.

Habari ya namna hii inazunguka katika miji na vijiji vyetu, toka Ituri mpaka Tanganyika, na siku hizi inapita pia katika simu, pamoja na picha na bei za kushangaza. Wamoja wameuzisha mbuzi juu ya kulipa hiyo “ekspertizi”. Wengine walikuwa na kitu cha muzuri kweli, wakakiharibu kwa limau na muchanga. Ndiyo sababu tunaeleza hapa, hatua kwa hatua, namna ya kutofautisha kosa la kweli la kiwanda na sarafu iliyobadilika rangi tu. Kazi hiyo inaombea sumaku, mizani, kikombe cha maji na uvumilivu. Haiombe hata franka moja ya kumupa mutu usiyemujua.

Kwanza, rangi ya kawaida ni gani?

Huwezi kusema kitu kimeharibika kama hujui kilikuwa namna gani. Sarafu ambazo zinaonekana sana katika majimbo yetu ya mashariki ziko za vipindi mbalimbali, na kila kipindi kilikuwa na madini yake.

Wakati wa Kongo ya Wabeljiji kulikuwa sarafu ndogo za santimu 5, 10 na 20 zenye tundu katikati. Hizo ni muchanganyiko wa shaba na nikeli, na rangi yake ni nyeupe-kijivu. Santimu 1 na 2 zilikuwa za shaba, kwa hiyo ni za rangi ya kahawia. Franka 1 ya miaka ya 1920, yenye picha ya muti wa ngazi, ni ya shaba na nikeli, nyeupe vilevile.

Halafu zikakuja sarafu za tembo wakati wa vita vya pili vya dunia: franka 2 ya mwaka 1943, yenye pembe sita, na franka 1 ya mwaka 1944, 1946 na 1949. Baadaye franka 2 ya duara ya 1946 na 1947, na franka 5 ya 1947. Zote hizo ni za shaba ya njano, ni kusema shaba iliyochanganywa na zinki. Ile kubwa ya franka 50 ya mwaka 1944, yenye tembo pia, ni ya madini ya feza, nyeupe.

Miaka ya 1950 ilileta alumini, ile chuma nyepesi ya sufuria: santimu 50, franka 1 na franka 5 zilizoandikwa majina ya Kongo na Ruanda-Urundi. Kisha uhuru, Banki ya Taifa ilitoa franka 10 ya mwaka 1965 yenye kichwa cha simba, ya alumini vilevile. Katika mwaka 1967 zikaingia sengi 10 na likuta 1 za alumini, na makuta 5 ya shaba na nikeli yenye sura ya Mobutu. Mwisho wa Zaire, sarafu za zaire 1, 5 na 10 za miaka ya 1987 na 1988 zilirudilia rangi ya njano.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: je, sarafu yangu iko kweli na rangi tofauti na wenzake wa mwaka ule ule na bei ile ile? Angalia mwaka, usiangalie picha tu. Franka 5 yenye muti, ya mwaka 1952, ni ya njano. Franka 5 yenye muti, ya miaka 1956 hadi 1959, ni ya alumini, nyeupe. Mutu akiziweka pamoja anaweza kuzania moja imekosewa. Hapana. Zote mbili ziko sawasawa. Serikali ilibadilisha madini tu.

Mambo kama hayo yanaonekana ngambo pia. Shilingi 100 za Uganda za kwanza, zenye mwaka 1998, hazivutwi na sumaku. Zile za baadaye zinavutwa, juu zilitengenezwa kwa chuma iliyovikwa nikeli. Huko Uingereza, peni 1 na 2 zilikuwa za shaba mpaka mwaka 1992, kisha zikawa chuma iliyovikwa shaba. Na senti 1 ya Marekani ya mwaka 1982 iliko namna mbili ndani ya mwaka mumoja: nzito ya gramu 3.11, na nyepesi ya gramu 2.5 ambayo ndani yake ni zinki. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ni kosa.

Kosa la kweli linazaliwa ndani ya kiwanda

Sarafu inaanza kama bamba ya chuma. Mashini inakata ndani ya bamba visahani vya duara visivyo na picha. Visahani vinapashwa moto ndani ya tanuru juu vilainike, vinaoshwa, kisha vinawekwa mumoja mumoja kati ya vyapa viwili vya chuma ngumu. Vyapa vinagonga kwa nguvu sana, na picha inatoka pande zote mbili kwa pigo moja.

Kosa la rangi linaweza kuingia pahali patatu. La kwanza, kisahani cha madini mengine kinabakia katika kona ya kitunga ao ya mashini, kinachanganyika na vingine, kinapigwa. Hilo ndilo kosa ambalo wakusanyaji wa sarafu wanatafuta sana. La pili, kama sarafu inatengenezwa kwa tabaka kadhaa, tabaka moja linaweza kukosekana. Sarafu za senti 10 na senti 25 za Marekani toka mwaka 1965 ziko na shaba nyekundu katikati na ngozi nyeupe pande mbili. Ngozi moja ikikosekana kabla ya kupigwa, upande huo unatoka mwekundu, na sarafu inakuwa nyepesi kuliko gramu 5.67 za senti 25 ya kawaida. La tatu, kisahani kinakawia sana ndani ya tanuru, kinatoka na rangi nyeusi ao nyekundu-nyekundu juu yake. Hilo la tatu ni kosa la kweli, lakini ni ngumu sana kulihakikisha, juu moto wa nyumba unaweza kufanya kitu karibu sawa na hicho.

Angalia kitu ambacho hayo matatu yanashirikiana: yote yanatokea mbele ya pigo, ao wakati wa pigo. Kila kitu kinachofika kisha sarafu kutoka katika kiwanda, hata kama ni cha ajabu namna gani, haiko kosa la kiwanda. Ni maisha ya sarafu: jasho la mukono, moto, mvua, udongo, mutoto mwenye kucheza na asidi ya batri.

Mwaka 1943: Philadelphia, tembo wetu na senti ya chuma

Kuna mufano mumoja unaojulikana dunia nzima, na historia yake inagusa Kongo.

Katika mwaka 1940 Ujerumani iliteka Ubeljiji. Kiwanda cha sarafu cha Brussels kikabakia mikononi mwa adui, lakini Kongo iliendelea upande wa Waingereza na Wamarekani, na shaba ya Katanga ikaenda kusaidia vita yao. Koloni ilihitaji sarafu. Njo maana franka 2 ya pembe sita ya mwaka 1943 ilipigwa huko Philadelphia, katika Marekani: milioni 25, za shaba ya njano.

Mwaka ule ule, Marekani yenyewe ilikuwa inachunga shaba juu ya risasi na nyaya za vita. Senti yake 1, ambayo siku zote ilikuwa ya rangi ya shaba, ikapigwa kwa chuma iliyovikwa zinki. Zilitoka zaidi ya bilioni moja, nyeupe zote. Lakini visahani vichache vya shaba vya mwaka uliotangulia vilikuwa vingali ndani ya viwanda, na vikapigwa na chapa ya 1943. Zinazojulikana leo ni makumi machache tu. Ile moja peke inayojulikana ya kiwanda cha Denver iliuzwa dola milioni 1.7 katika mwaka 2010.

Mwaka 1944 kosa likageuka upande mwengine. Senti zilirudi kuwa za shaba, lakini visahani vya chuma vilivyobakia vilitumiwa huko Philadelphia kupiga franka 2 za Ubeljiji iliyokombolewa. Katika kazi hiyo senti chache za 1944 zilitoka za chuma. Nazo ni za bei kubwa sana leo.

Kijana mumoja wa shule katika jimbo la Massachusetts alipata moja ya zile senti za shaba za 1943 katika chenji, mwaka 1947. Alisikia uvumi kwamba tajiri Ford anatoa gari kwa mwenye kuileta. Akauliza, akaambiwa ni uongo. Akaandikia wizara ya feza, ikamujibu kwamba senti zote za 1943 ni za chuma. Hakuitupa, na hakuiuzisha kwa wapita njia. Aliichunga maisha yake yote. Iliuzwa katika mwezi wa kwanza wa 2019, kwa dola 204,000.

Lakini sikia na upande mwengine. Kwa kila senti moja ya kweli, watu wametengeneza za uongo bila hesabu: wanachukua senti ya chuma ya 1943, wanaivika shaba. Hizo zinakamatwa na sumaku mara moja, juu chini ya ngozi ni chuma. Wengine wanachukua senti ya shaba ya 1948 na kukata namba 8 iwe 3. Hizo sumaku haizikamati, lakini jicho linazikamata: katika sarafu ya kweli mukia wa ile 3 unashuka murefu chini ya namba zingine. Na wenye kutengeneza senti ya “chuma” ya 1944 wanaipaka zinki tu ile ya shaba. Sumaku haiivuti, uongo unaisha pale pale.

Rangi zinazodanganya

Sasa turudilie sarafu za kwetu, na sababu za kweli za rangi ambazo watu wanaonyeshana.

Nyekundu. Tembo wa njano akilala miaka mingi katika udongo wenye asidi, ao akilowanishwa katika siki na limau, zinki inatoka juu ya uso wake na shaba inabakia. Uso unakuwa mwekundu wa waridi, bila kungaa, wenye tundu ndogo-ndogo, na mara nyingi haiko sawasawa pande zote. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya “tembo mwekundu”.

Nyeupe yenye kungaa. Hapa tuwe na akili sana. Katika machimbo ya dhahabu watu wanatumia zebaki, ile wachimbaji wanaita merkiri. Ukisugua merkiri juu ya shaba ao juu ya sarafu ya njano, inakuwa nyeupe kama kioo kwa dakika chache. Kisha siku ao majuma inapoteza mungao na kuwa kijivu. Mutu akikuletea sarafu nyeupe sana, yenye kuteleza, toka upande wa machimbo, usiishike-shike, usiiweke mufukoni, na usiipashe moto hata kidogo: moshi wa merkiri hauonekane, na unaharibu ubongo na mafigo, zaidi kwa watoto na kwa mama mwenye mimba. Weupe mwengine unatoka kwa fundi wa vyombo aliyeivika nikeli, zinki ao bati.

Nyeusi. Moto wa nyumba, moshi wa jiko, udongo wa matope. Sarafu ya madini ya feza inakuwa nyeusi yenyewe kwa sababu ya hewa tu. Hiyo ni kawaida.

Kijani ao bluu. Ni kutu ya shaba. Hakuna kiwanda kinachopiga sarafu ya kijani.

Dhahabu. Fundi anaweza kuvika sarafu ya alumini ao ya nikeli ngozi nyembamba ya rangi ya dhahabu juu ya kutengeneza kidani ao kishaufu. Angalia kama kuna alama ya kulehemu ao katundu karibu na ukingo. Sarafu nyingi za babu na bibi zetu zilivaliwa shingoni.

Namna ya kuchunguza

1. Macho. Kaa karibu na dirisha, mchana. Kama uko na lenzi, ao kioo cha kusomea cha muzee, tumia. Angalia pahali panaposugulika sana: mugongo wa tembo, sikio, ukingo. Kama pale rangi ya kawaida inatokea chini ya ile rangi ya ajabu, basi ni ngozi ya juu tu. Angalia mikwaruzo ya zamani: ndani yake kuna rangi gani? Kisha zungusha sarafu uangalie ukingo mzima. Usiikwaruze wewe mwenyewe. Mukwaruzo wako wa leo hautaondoka tena.

2. Sumaku. Spika ya redio iliyokufa iko na sumaku nzuri. Shaba, shaba ya njano, alumini, madini ya feza, na muchanganyiko wa shaba na nikeli havivutwi. Chuma inavutwa, nikeli safi pia. Tembo wa njano akirukia sumaku, kuna jambo: ni sarafu ya uongo, ao amevikwa kitu. Ila usisahau kwamba sumaku inasema “hapana” muzuri kuliko inavyosema “ndiyo”. Kutovutwa hakuhakikishe kama sarafu ni ya mali.

3. Mizani. Wanunuzi wa dhahabu karibu wote wako na mizani ndogo ya kuonyesha mpaka gramu 0.01. Omba ruhusa. Usipime sarafu yako peke yake. Beba na zingine tatu ao ine za aina ile ile na mwaka ule ule. Linganisha. Sarafu iliyotumika sana inapoteza uzito kidogo, hiyo ni kawaida.

Kwa tembo mwekundu, mizani inatoa jibu zuri. Shaba tupu ni nzito kuliko shaba ya njano, karibu gramu 5 kwa kila gramu 100. Kwa hiyo kama tembo angepigwa kweli juu ya kisahani cha shaba cha ukubwa ule ule, angekuwa muzito kidogo kuliko wenzake. Lakini kama zinki imetoka kwa sababu ya udongo, anakuwa mwepesi. Shika neno hili: nyekundu na nyepesi, udongo umeitafuna, nyekundu na nzito, endelea kuchunguza.

Kwa alumini jibu ni la haraka zaidi. Shaba inapita alumini uzito mara tatu na zaidi. Simba wa 1965 mwenye rangi ya njano, lakini mwepesi sawa na ndugu zake, amepakwa tu.

4. Kikombe cha maji. Njia hii inaonyesha madini ya ndani, hata kama ngozi inadanganya. Pima sarafu kavu, andika uzito. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, ishushe ndani ya maji mpaka izame yote, lakini isiguse chini wala pembeni, na isiwe na mapovu. Mizani itaonyesha namba ndogo. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba ile.

Mufano: sarafu ni gramu 7.20, na ndani ya maji mizani inaonyesha 0.85. Ukigawanya unapata 8.47. Sasa linganisha: alumini ni 2.7, zinki 7.1, chuma 7.8, shaba ya njano karibu 8.4 mpaka 8.7, shaba tupu 8.9, madini ya feza 10.5, risasi 11.3, dhahabu 19.3. Sarafu yetu ni ya shaba ya njano, hata kama uso wake ni mwekundu ao mweupe.

Lakini njia hii iko na mupaka. Kama sarafu ni ndogo, tuseme gramu 2.5, kosa la 0.01 tu ndani ya maji linabadilisha jibu. Ukisoma 0.28 unapata 8.9, ni kusema shaba; ukisoma 0.30 unapata 8.3, ni kusema shaba ya njano. Kwa sarafu ndogo, kikombe kinatofautisha alumini na chuma na feza, lakini hakitofautishe vizuri shaba na shaba ya njano. Rudilia mara tano, na usikubali jibu la mara moja.

5. Picha na kipimo. Kisahani cha madini mengine mara nyingi ni cha sarafu nyingine, kwa hiyo upana ao unene wake haulingane. Kama kisahani kilikuwa kidogo, maandishi ya ukingoni yanakatika. Kama kilikuwa chembamba, picha inatoka hafifu. Sarafu yenye upana sawa, unene sawa, uzito sawa na wenzake, na picha kamili, lakini rangi peke ni tofauti: karibu kila mara rangi ilikuja kisha.

Usiisafishe

Hapa ndipo wengi wanapoteza. Mukusanyaji anatafuta uso wa kwanza wa sarafu, jinsi ulivyotoka kiwandani na jinsi ulivyozeeka. Limau, chumvi, majivu, dawa ya meno, muchanga, asidi ya batri, vyote vinaondoa uso ule. Sarafu inangaa, lakini imekufa kwa mukusanyaji. Na mutaalamu hawezi tena kusema kama rangi ilikuwa ya kiwanda. Kama kuna udongo, lowanisha katika maji safi, acha, kausha kwa kuigusa na kitambaa laini bila kusugua. Ifunge ndani ya karatasi kavu, kila sarafu peke yake. Ishike kwa ukingo.

Mbele ya kutoa feza

Tembo wa franka 1 na franka 2 walipigwa kwa mamilioni. Sarafu ya kawaida ya aina hiyo, hata ya zamani, haiko utajiri. Na sarafu iliyoliwa na udongo inanunuliwa chini ya ile safi, haiko juu yake. Kosa la kweli liko, lakini ni la nadra sana, na linahakikishwa na vipimo, haihakikishwe na maneno.

Kwa hiyo mutu akikuambia, “Papa, leta dola 50 za kupimisha, munkunuzi anangoja Kampala,” muulize kwanza maulizo matatu: Sarafu za aina hii kwa kawaida ni gramu ngapi? Yangu ni gramu ngapi? Sumaku inasemaje? Mwenye kujua kazi atajibu. Tapeli atakasirika, ao atakuambia usionyeshe mutu mwengine. Usimuachie sarafu usiku hata mumoja, na chukua picha ya pande zote mbili na ya ukingo, pamoja na uzito ukionekana kwenye mizani.

Kama kisha hatua zote sarafu ingali inakataa kueleweka, nzito kuliko wenzake, rangi moja mpaka ndani ya mikwaruzo, picha kamili, hapo kuna sababu ya kuuliza mbali zaidi. Mwenye ndugu katika Ubeljiji anaweza kumuomba aulize Maktaba ya Kifalme ya Brussels, ambayo iko na chumba cha sarafu na medali. Makampuni ya kuhakikisha sarafu yako pia katika Marekani, kama PCGS na NGC. Wanalipisha, na kutuma kunalipisha, kwa hiyo usianze njia hiyo kama mizani na maji havijakupa sababu.

Na kama jibu ni kwamba udongo ndio uliipaka rangi? Basi usiitupe. Tembo yule alipigwa ngambo wakati nchi iliyotutawala ilikuwa yenyewe imetawaliwa, na shaba ya Katanga ilikuwa inaenda vitani. Muonyeshe mutoto mwaka ulioandikwa pale, umuulize kama babu zake walikuwa wapi mwaka ule. Hiyo haiombe ekspertizi.